Kanzu ya Kijivu ya Gatakaa wa Majimbo

Alizaliwa Mikinduri mwaka 1975, mtoto wa Riungu na Karimi, wakulima wacha Mungu, naye akaitwa Gatakaa. Tangu utotoni hamu yake ilikuwa moja tu: kuwa sista. Kengele ya kanisa ikilia mchana, aliacha jembe akasimama wima, hata mamaye akamtania, "Huyu ameshaolewa na kengele!" Mwaka 1995 alipokelewa na shirika moja la watawa. Baadaye Karimi aliuza mbuzi wake wa maziwa, akanunua kitambaa cha kijivu, kikashonwa kanzu ya unovisi, vazi la mwanafunzi wa utawa.

Kanzu hiyo hakuivaa. Juma lilelile la kuvikwa, alianguka kifafa kanisani mbele ya watu wote. Mama Mkuu alimwita faraghani, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, maisha haya hutayaweza. Rudi nyumbani." Akarudi, kanzu imekunjwa sandukuni. Alijua, au tuseme alijidanganya, kwamba wangemwita tena.

Alifundisha chekechea Mikinduri, akapendwa mno, hadi vyeti vikatakiwa naye hana. Akaenda Kangeta kufunga miraa, ile mirungi ya kutafunwa. Usikunje uso, ndugu msomaji. Mkono uliofunga miraa ndio uliofanya ishara ya msalaba. Huko alijifunza kuzungushia majani ya mgomba, kifurushi kikazwe kisipoteze unyevu, kisibanwe hadi miraa ikavunjika. Soko la ng'ambo lilipofungwa mwaka 2014, kazi ikaota mbawa. Akashukia Embu, mtaa wa Majimbo, akakaanga mandazi kando ya bucha ya Kasim. Kila kazi aliianza kwa moyo wote, na kila kazi aliiona ya muda tu. "Mimi niko njiani, dada," alimwambia Hidaya, mkewe Kasim. "Wakiniita, naenda." Hidaya akaanza kumwita Sista kwa utani, na mtaa mzima ukafuata. Jina hilo lilimchoma, lakini hakumkataza mtu.

Ikaja masika ya mwaka 2018, na mvua ile, jamani, haikuwa na huruma. Hidaya alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Barabara ilikuwa imekatika, nyumba zinavuja, shuka na leso zote chapachapa. Mtoto akatoka mdogo, wa baridi, analia kwa shida. "Sista, nguo kavu! Yoyote ile!" Hidaya alilia. Nguo kavu ilikuwa moja tu. Gatakaa alifungua sanduku lake la bati, akaikumbatia ile kanzu, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Kisha akachukua mkasi. Kipande kimoja alimkaushia mtoto, vingine akamfungia. Juu yake akazungushia majani ya mgomba, kama alivyofanya Kangeta, akaze asibane, uso ukiwa wazi. Akamweka kifuani, akatembea naye ndani ya mvua hadi hospitalini. Wauguzi walishangaa: mtoto alifika mkavu, mwenye joto. Ndiye Shamima, ambaye leo anasoma shule.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo Gatakaa alipata amani. Waliomjua hawasemi hivyo. Hakusema tena kwamba yuko njiani, lakini kengele ya mchana ikilia, mandazi yaliungua, yeye amesimama wima, machozi yanamtoka.

Alifariki Juni 2024. Kabla jeneza halijafungwa, Hidaya alisogea na kipande cha kijivu, cha mwisho kilichobaki, amekifua na kukipiga pasi. Akakifunga kichwani pa marehemu kama shela ya mtawa.

"Hawakukuvika," akasema. "Mimi nakuvika, Sista."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, Majimbo hawakungoja. Nasi tumwige: tukirudishwa kutoka tulikotamani, tushike kazi iliyo mbele yetu, na ile hamu tusiione aibu kuwa nayo. Akina mama wa mtaa ule, mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, wanajua la kuomba: "Sista Gatakaa, mfunike na huyu."