Raba za Kushukia Ndama

Siku nne kabla ya harusi ya mjukuu wake, Kashaija aliinua macho juu ya mafiga akaziona raba zake. Zilikuwa uchanjani, katikati ya ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya pombe ya rubisi. Soli ya kulia ilikuwa imebanduka na kujikunja kama ganda.

"Mackrine!"

Mke wa mwanawe akaja mbio, mikono ina unga. "Nilizifua, baba. Nikasema hapo zitakauka upesi."

"Umezikausha au umeziivisha?"

Mackrine akafunika mdomo. Mzee mwenyewe alijikaza akasirike, kicheko kikamshinda.

Lakini jambo lilikuwa zito. Katika ukoo wao pale Kanoni, bibi harusi akishavuka mlango wa mama yake, mwanamume wa nyumba hiyo hutangulia mbio kwa wakwe, mkononi ana kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa jani kavu la mgomba. Akifika na kusema mtoto ametoka, ndipo wakwe wanapokata nyasi mbichi na kutandika sebuleni. Kashaija aliwatangulia mabibi harusi tangu ndevu hazijaota, wengine mpaka Songambele. Kisha zikaja simu. Habari ikawa inafika kabla ya mtu kuitolea jasho. Nyasi nazo zikaachwa, watu wakatandika zulia la plastiki lenye picha ya simba, wakajiona wamestaarabika. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita tena.

Mwaka huu mjukuu wake Benadeta, anayeolewa kijiji cha Ndama, chini ya mlima, alimwambia, "Babu, ni wewe utakayenitangulia. Sitaki kutangazwa kama matokeo ya mpira."

Dastan, mume wa Mackrine na baba yake Benadeta, alicheka mpaka akakohoa. "Baba, una miaka sitini na saba. Magari yakifika kabla yako tumeaibika. Haya, jaribu. Ukishindwa, mambo haya tunayafunga. Mdogo wa Benadeta, Placidia, na wanaomfuata tutawatangaza kwa simu."

Basi Kashaija akaenda mjini Kayanga kutafuta raba. Alikwenda kwa miguu, tena alasiri, kwa makusudi. Mguu uliotembea huvimba, na ndio huo utakaokimbia. Anayechagua kiatu asubuhi anamchagulia mtu mwingine. Mfukoni alitia soksi zake nene.

Duka la raba za mitumba lilikuwa la Ashrafu, ambaye babu yake alitoka pwani na marobota ya vitambaa.

"Shikamoo, mzee Kashaija."

"Marahaba. Nataka raba za kushukia mlima. Kupanda hata mbuzi anapanda."

Ashrafu akashusha jozi nyeupe, soli nene kama mkate. "Hizi, mzee, utadhani unakanyaga mawingu."

"Mawinguni sina mkwe." Akaishika moja kisigino na ncha, akaisokota. Ikajinyonga kama kitambaa cha kufutia vyombo. Akairudisha.

Jozi ya pili ilikuwa imara, lakini vidole viligusa mbele.

"Zitalegea," alisema Ashrafu.

"Kucha zangu zitatangulia kung'oka."

Ya tatu ilibana ubavuni. Ya nne kisigino kilipwaya. Nadhira, mke wa Ashrafu, alikuwa kwenye cherehani yake akicheka peke yake. "Mume wangu, mpe zile zako za mkosi."

Ashrafu akainama kwa aibu, akavuta chini ya meza raba za rangi ya mavi ya bata, kamba moja nyeusi na nyingine ya zambarau. "Zina miezi minne hapa. Hata wa kuziomba bure hajatokea."

Kashaija akazigeuza. Meno ya soli yalikuwa marefu, yameachana, tope lisipate pa kukaa. Akabonyeza kisigino, kikagoma. Akazikunja, zikakubali pale tu vidole vinapokunjika. Ncha ilikuwa imegundishwa na kushonwa juu yake. Akavaa na soksi zake. Mbele ya kidole gumba ilibaki nafasi ya kutosha dole jingine. Akafunga kamba, akatoka mlango wa nyuma, akateremka mbio kwenye mteremko Nadhira anapomwaga maji ya kufulia.

"Mzee, hujalipa!"

"Mwache," Nadhira akasema. "Wa kuiba hizo hajazaliwa."

Kashaija akapanda kurudi, meno yote nje. Vidole havikugonga, kisigino hakikuinuka. Akalipa.

Siku zilizobaki alilimia raba hizo, akachungia mbuzi, zikauzoea mguu. "Ukiziona chafu," alimwonya Mackrine, "ujue ziko salama."

Siku ya harusi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Benadeta alipovuka mlango, mzee alichukua kahawa yake akatoweka migombani. Magari yakashika barabara ya kuzunguka; yeye akakata moja kwa moja. Miguu ilikumbuka kila kona. Kwenye poromoko jekundu, mahali alipowahi kuvunjika mkono, meno ya soli yaliuma udongo na kuushikilia. Kashaija akacheka kwa sauti, peke yake, kama mlevi.

Wanawake wakamwita kutoka kwenye shamba la kahawa, "Mzee, nani anakukimbiza?"

"Magari!"

Huko Ndama alimkuta Nyirabahire, bibi wa bwana harusi, ameketi mlangoni na kikapu kilichofunikwa kanga. Kikapu kilikuwa kinalia. Tangu asubuhi bibi alikuwa amekusanya simu za nyumba nzima.

"Karibu, mgeni. Una habari gani?"

Kikapu kikalia tena. "Bibi, labda ndio wao," bwana harusi akanong'ona.

"Nimemuuliza mgeni, sijauliza kikapu."

Kashaija alihema, akafungua kahawa. "Mtoto ametoka kwa mama yake."

Vigelegele vikapasuka, na watu wakatoka na mapanga kukata nyasi. Mzee akavua raba kizingitini, akakagua vidole: kucha kumi, hakuna lengelenge.

Magari yalipofika, nyasi zilikuwa zimeshatandikwa, zinanukia nyumba nzima. Dastan aliziona raba kabla hajamwona baba yake. Akasimama akizitazama, tope linadondoka kutoka kwenye meno. Kisha akaziokota mwenyewe, akiwa ndani ya suti yake.

"Nizioshe, baba? Placidia anaolewa Desemba."

"Maji baridi," alisema Kashaija, mdomoni ana kahawa. "Uzianike kivulini. Na jikoni kwa mkeo zisiingie."