Ukungu wa Bordeaux

Mawe ya Bordeaux yakilowa hutoa harufu ya chungu kipya kinachotiwa maji kwa mara ya kwanza. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka tisa, likizo ya katikati ya mwaka, Durban ikiwa kwenye baridi na Ufaransa kwenye kiangazi. Mama alikuwa akisuka nywele katika saluni yake ndogo katikati ya jiji letu, na alikuwa amengoja hati ya kusafiria kwa muda mrefu hata tukaacha kuitaja nyumbani. Ilipotoka, alimwachia baba ufunguo wa nyumba yetu ya Umbilo, akanifungia nywele zangu kwa uzi mweusi, tukaondoka kwenda kumwona mdogo wake. Ilikuwa safari ya siku chache tu, ya kutembea na kuangalia mji. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Mama na mama mdogo Esperansi hawakuwa wameonana tangu vita vilipowatawanya barabarani, walipokimbia kutoka Uvira wakiwa wasichana. Walikuwa watatu. Kitinda mimba wao, Furaha, alikuwa na miaka sita, na mimi nilipozaliwa nilipewa jina lake. Nilikua nikijua kwamba Furaha wa kwanza alichukuliwa na watu wema waliokuwa na gari. Mama mdogo ndiye aliyesimulia hivyo kwa simu, lakini kila mama alipouliza gari lile lilikuwa la nani, na lilielekea upande gani, mama mdogo alisema hasikii vizuri, na simu ikakatika.

Alitupokea kituoni kwa machozi, akamshika mama mabegani, akasema, “Yaya, dada yangu mkubwa, umezeeka kama mimi!” Kisha akageuka kwangu, akaniangalia kitambo, akayaondoa macho haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. “Na mtoto huyu, amekula?” Kwa siku zote zilizofuata hakuniita vinginevyo. Nilikuwa mtoto. Mtoto avae sweta, mtoto aonje keki hii.

Alitutembeza bila kupumzika. Alituonyesha lango la kale lenye kengele kubwa, makanisa yaliyokuwa baridi ndani hata adhuhuri, na mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Juu ya milango ya nyumba za zamani kulikuwa na nyuso zilizochongwa kwenye mawe, za wazee wenye ndevu, za wanawake, na baadhi zenye pua na midomo kama yetu. Nilisimama chini ya mmoja uliokuwa na mdomo wazi. “Usiuangalie sana,” alisema mama mdogo, akanivuta. Mama alipotaka kusema jambo, yeye alikuwa na hili la kuonyesha na lile. “Yaya, angalia kule, iko mnara!” Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mwaka ule nilijifunza kwamba hata maneno mengi yanaweza kuwa kimya.

Siku ya tatu alitupeleka kando ya mto, kwenye uwanja mpana wa mawe meusi uliofunikwa na maji membamba yasiyofika hata kifundoni. Majumba makubwa yalionekana ndani yake yakiwa kichwa chini. Watoto walikuwa wakikimbia pekupeku. Nikavua viatu, nikaingia. Ghafla maji yalinywea, na kutoka kwenye matundu ya sakafu ukapanda ukungu mzito uliofika juu ya kichwa changu. Nilicheka. Kisha sikuwaona tena watu, na kicheko kikaniishia. Nilimsikia mama akiita, bila hofu bado, kama alivyoniita kila jioni Umbilo: “Furaha! Furaha, rudi!”

Halafu nikasikia sauti nyingine ikilia jina hilohilo, sauti nyembamba ya msichana. Alikuwa mama mdogo. Aliingia kwenye ukungu na viatu vyake, akawapamia watoto wa watu, akanikamata mkono kwa nguvu hata nikapiga kelele. Alipiga magoti majini. “Usiniachilie,” alisema. “Furaha, usiniachilie mkono tena.”

“Eish, mama mdogo, ni maji ya kuchezea tu,” nilimwambia. Hakunisikia.

Ukungu ulipopungua, mama alikuwa amesimama mbele yetu. Aliuliza polepole, “Esperansi, gari lile lilikuwepo?”

Mama mdogo alitikisa kichwa. Alisema watu walikuwa wengi darajani, risasi zikalia, na mkono mdogo ukateleza. Alipogeuka, hakuona mtoto, aliona miguu ya watu tu. “Nilikimbia, Yaya. Sikurudi.”

Nilidhani mama atampiga. Alimshika kwapani, akamketisha ukingoni, akamvua viatu vilivyojaa maji na kuzikamua soksi zake, moja, kisha nyingine. “Na wewe ulikuwa mtoto,” alisema, sauti ikiwa kavu. Hakulia mpaka tuliporudi Durban. Hapo alifunga saluni, tukaketi matanga kwa ajili ya mtu aliyepotea kabla sijazaliwa. Kilio huanza mfiwa, na wa mbali akaingia: Warundi na Wakongo wa kanisani walijaa sebuleni, wakaimba, na wengi wao, nadhani, walikuwa wakiwalilia wa kwao.

Sasa mimi ni mtu mzima, na mama anaishi nami Queensburgh, pembeni mwa Durban. Zamani, kabla ya Bordeaux, alikuwa na tabia iliyonitia aibu. Tukiwa mjini, akimwona msichana wa umri fulani, alimsimamisha na kumuuliza kwa Kiswahili, “Binti, wewe ni wa wapi? Nani alikulea?” Baada ya matanga aliacha. Siku hizi tukishuka kwenye teksi katikati ya jiji, anatembea akiangalia mbele, mtulivu, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Mimi ndiye ninayebaki nyuma robot, taa ya barabarani, inapowaka nyekundu, nikizitazama nyuso za wanawake wanaokaribia miaka arobaini, mmoja baada ya mwingine. Jana mmoja alinitazama pia, kwa muda mrefu. Taa ikabadilika, na sikumuuliza.