Programu Iliyosema Hewa Ipo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami kila nilipopewa nafasi ya kuchagua nimechagua kicheko. Kaka yangu alichagua shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba yetu, hapa Kolwezi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa sebule. Mtaani kwetu kobalti ilikuwa chini ya miguu ya watu, kwa hiyo watu waling'oa sakafu zao wakashuka. Mgeni angepita barabarani angeona nyumba za kawaida, nguo zimeanikwa, mama mmoja anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Asingejua kwamba nyuma ya pazia kuna mdomo mweusi na kamba, na wanaume wawili wako chini wanagonga mwamba.

Kaka alichimba na mwenzake mmoja, rafiki yake tangu shule. Hewa waliipata kwa mota iliyozungusha feni kwa mkanda wa mpira, na feni ilisukuma hewa ndani ya bomba la plastiki mpaka kule walikokuwa. Nilimuuliza siku moja mtu hujuaje kwamba hewa imekatika. Akacheka. Akasema hajui, anasikia raha kidogo, usingizi kidogo, halafu anakaa chini apumzike. Jibu hilo lilinikosesha raha kuliko angeniambia habari ya kuporomoka kwa udongo. Udongo angalau hupiga kelele.

Mimi nilisoma informatiki, yaani kompyuta, huko Lubumbashi mpaka ada ikatushinda, nikarudi kutengeneza simu karibu na soko. Basi nikamtengenezea kaka kengele. Niliweka kigurudumu kidogo ndani ya bomba, kinachozunguka hewa ikipita, nikakiunganisha na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Hewa ikiwepo, taa ya kijani inawaka pale mama anapokaa. Hewa ikikatika, taa inageuka nyekundu na kengele inalia. Mistari michache ya programu niliandika mwenyewe. Mingine yote ilitoka kwenye maktaba ya chanzo huria, yaani msimbo uliowekwa wazi kila mtu autumie, kazi ya watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, ambao hawajuani kwa sura. Imeandikwa kwa lugha ya C.

C ni lugha isiyokubembeleza. Ukitaka kumbukumbu ya mashine, unaiomba. Ukimaliza, unairudisha mwenyewe. Usiporudisha, hakuna atakayekudai. Ni kama kuazima beseni kwa jirani kila asubuhi na kutorudisha hata moja: siku moja jirani hana beseni, na kufua kunakoma mtaa mzima. Hilo ndilo wanaloliita kuvuja kwa kumbukumbu. Maktaba ile ilikuwa inavuja, na sisi hatukujua, kwa sababu ya umeme wetu. Umeme wa Kolwezi ulikatika kila siku. Kila ulipokatika, kompyuta ilizimika, na ilipowaka tena ilianza upya na kumbukumbu tupu. Tulilalamikia mgao wa umeme kumbe ndio uliokuwa ukitufagilia nyumba.

Kisha ikaja habari ya kufukuzwa. Ilianza kwa mazungumzo ya pale kisimani, kwamba mgodi mkubwa wa jirani unapanuliwa na mtaa utavunjwa. Halafu wakaja vijana na rangi nyekundu, wakachora misalaba kwenye kuta. Wetu waliuchora karibu na dirisha, mkubwa, rangi ikachuruzika mpaka chini. Mama aliutazama, kisha akaingia ndani akaanza kufunga sufuria kwenye kitenge.

Mama alikuwa ameshafukuzwa mara moja. Alikuwa msichana wakati watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, ingawa yeye alizaliwa hapahapa na kwao hakukujua. Walikaa kituoni wakingoja treni, na waliofunga nguo kwanza walijuta, kwa sababu mtu hapikii nguo. Tangu hapo yeye hufunga sufuria kwanza. Nilipomwona akifanya hivyo nikajua ni kweli, kwa sababu mama hafungi sufuria kwa uvumi.

Kaka yeye alifunga safari ya chini zaidi. "Mama, bataleta machine ya kubomoa," alisema, "na ile kintu yote itabakia mu udongo. Mi siwezi kupanda sasa."

"Na weye ukibakia mu udongo?" mama akamuuliza.

"Dada iko na taa yake," akajibu, akininyoshea kidole.

Mtu aliyekuwa akinunua mawe yao naye alikuwa na haraka. Akaleta betri na paneli za jua ili mota isisimame hata umeme ukikatika. Kila mtu alifurahi. Mimi pia nilifurahi, mjinga mimi. Kompyuta nayo ikaanza kukesha bila kuzimika, na kumbukumbu ikaanza kujaa, beseni juu ya beseni. Asubuhi moja taa ilizimika kabisa, si kijani si nyekundu. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, kaka alikuwa salama, lakini programu ilikuwa imekufa kimya kimya, na hakuna aliyejua imekufa tangu lini.

Nilipekua ule msimbo mpaka macho yakauma. Nikapata mahali: kila kigurudumu kiliposomwa, maktaba iliomba kipande cha kumbukumbu cha kuwekea namba, na haikukirudisha. Nikaandika kiraka. Mstari mmoja tu wa kuachilia kile kipande baada ya kutumika. Nikakijaribu kwa namna pekee niliyoijua ya kuijaribu hewa kukatika: niling'oa waya wa umeme. Kengele, iliyokuwa na betri yake ndogo ili ilie yenyewe umeme ukikatika, ikalia vizuri. Mama akaziba masikio. Nikaridhika, kwa sababu kwetu, tangu feni ile inunuliwe, haikuwahi kusimama kwa sababu nyingine isipokuwa umeme. Nikaweka programu mpya pale shimoni, na siku hiyohiyo nikakituma kiraka kwa wale watu wa mbali wakihakiki.

Kuhakikiwa ni jambo la kutisha kwa mtu wa tabia yangu. Unaandika kwa Kiingereza cha kamusi, unaeleza ulichobadilisha na kwa nini, halafu mtu usiyemjua anakipasua hadharani mstari kwa mstari. Hawana salamu. Kwetu hata mtu anayekuja kukudai huuliza kwanza watoto wameamkaje. Lakini penye wengi hapaharibiki neno, nikajipa moyo, nikangoja.

Mtandao ulishika vizuri kwenye uwanja wa parokia, karibu na mnara wa simu. Nilikwenda pale mchana mmoja, nikakaa kwenye ngazi, nikafungua simu. Jibu lilikuwa limeshafika. Mhakiki alikubali kwamba palikuwa pakivuja. Kisha akaandika kwamba kiraka changu ni kibaya kuliko uvujaji wenyewe.

Nilisoma mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili nilielewa.

Nilikuwa nimeirudisha kumbukumbu, lakini sikuifuta anwani yake. Kigurudumu kikisimama huku mashine inawaka, hakuna namba mpya, na programu inakwenda kutazama anwani ya zamani. Kile kipande si chake tena, lakini namba ya mwisho inaweza kuwa bado imelala pale, hakuna aliyeifagia. Ni kama kwenda kupiga hodi kwenye nyumba ya watu waliokwisha kuhamishwa, ukaona pazia bado linaning'inia, ukarudi kusema wapo, hawajambo. Programu ingesema hewa ipo. Ingesema hivyo hata pasipo hewa. Na nilipong'oa waya sikuweza kuliona hilo, kwa sababu niliiua programu nzima pamoja na uongo wake.

Na programu hiyo ilikuwa pale nyumbani, inafanya kazi, na kaka alikuwa chini.

Nilikimbia. Sijui kama niliifunga simu. Barabara ilikuwa imejaa malori ya madini yanayoelekea mpakani, vumbi jekundu limetanda mpaka huoni mtu wa mbele yako, na mimi nilipita katikati yake nikipigiwa honi na kutukanwa. Nilimpigia mama, simu haikupokelewa. Nilikuwa nikisali na kutukana kwa pumzi ileile. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Mama alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake, sombe mapajani. Pembeni yake taa ilikuwa ya kijani. Mwishoni mwa mtaa buldoza lilikuwa limeshaanza kuvunja nyumba za kwanza, na ndani kwetu mota ilikuwa ikinguruma kama kawaida.

"Yaya iko wapi?" niliuliza, maana ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Iko mu shimo na mwenzake. Juu ya nini unakimbia hivi? Moteur inalia, taa iko vert, hauone?"

Nikampita nikaingia ndani. Mota ilikuwa inazunguka, ndiyo. Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika, umelala sakafuni. Feni ilikuwa imetulia kabisa, na juu yake alitua nzi.

Niliita. Nilivuta ile kamba ya kuashiria, ambayo aliye chini huijibu kwa kuivuta naye. Haikuvutwa. Nilivuta tena kwa nguvu, na uzito uliokuwa upande wa pili ulikuwa wa kamba tu. Sauti iliyotoka kinywani mwangu sikuitambua. Mama aliingia, akaona mkanda, na hakulia; alitoka nje akapiga yowe la msiba, lile ambalo hakuna mtu wa kwetu anayelisikia akabaki amekaa. Wachimbaji wa nyumba ya jirani wakaja wakikimbia na bomba lao wenyewe. Mmoja alishuka nalo mdomoni. Wengine wakashika kamba pamoja na mimi.

Alitoka kwanza yule rafiki, anatapika. Kisha kaka. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kifuani, miguu inaburuzika ukutani mwa shimo, na uso wake ulikuwa na amani, na sijawahi kuichukia amani kama ile. Walimlaza uani. Mama alimpiga makofi ya uso, kulia na kushoto, akimwita kwa matusi ya utotoni mwake. Akakohoa. Akafungua macho, akamtazama mama, akauliza kama chakula kimeiva.

Nilikwenda nyuma ya choo nikakaa chini. 

Siku zilizofuata zilikuwa za kufukuzwa, na kwa kweli sikuzihisi sana, kwa kuwa hofu yangu ilikuwa imeshatumika. Buldoza lilifika kwetu. Shimo la kaka lilifukiwa pamoja na kazi yote ya mikono yake, naye alisimama kando akitazama kama mtu anayezika. Majirani wengine walikwenda Lubudi kwa ndugu zao, kulima. Sisi tulipata chumba upande wa pili wa mji, na jioni ya kwanza ni sisi peke yetu tuliopika katika ua ule, kwa sababu sufuria zilikuwa juu ya mzigo.

Niliandika kiraka upya. Safari hii niliiachilia kumbukumbu na kuifuta anwani, na nikaijaribu kwa kuuvua mkanda huku mota inazunguka. Mhakiki akapata kosa jingine dogo, nikarekebisha. Akauliza, katika ukavu wake ule, kama hatari niliyoieleza imewahi kutokea kweli au ni ya nadharia tu. Nilijibu kwamba imetokea, na kwamba mtu alikuwa chini.  Kesho yake alikikubali kiraka, na chini yake akaandika kwa mara ya kwanza salamu: aliuliza mtu huyo anaendeleaje.

Anaendelea kuchimba, ndivyo anavyoendelea. Alipata shimo jingine, mahali ambapo hawajachora misalaba bado. Alikuja na mota na mkanda mpya, akanitaka nifunge taa.

"Sasa programme yako iko bien?" aliniuliza.

"Iko bien."

"Basi."

Na ilikuwa bien. Nilijua kila mstari wake. Watu wenye akili kuliko mimi walikuwa wameisoma neno kwa neno. Niliifunga, taa ikawaka kijani, kaka akashika kamba akateremka, akapotea kuanzia miguu mpaka kofia. Nilivumilia kidogo. Kisha nikapiga magoti pale mdomoni nikaita.

"Yaya!"

"Eee!"

Nikangoja kidogo, nikaita tena. Akaitika. Nikaita tena na tena, mpaka sauti yake ikapanda imejaa hasira, ikitokea mbali sana chini ya ardhi.

"Mudogo wangu, acha kuniita! Kukujibu kunakula hewa!"

Nikanyamaza. Nikakaa chini kando ya shimo, nikaitazama taa.