Mzambarau wa Kisimani na Vitabu vya Sista Brigita

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja nilijikata mguu kwa jembe, na kama si uzembe huo nisingejua lolote kuhusu Ayalandi. Tulikuwa tunafukia majani kwenye matuta, yale matuta ya mviringo ambayo kila mtoto wa Ufipa ameyainamia mpaka kiuno kikamlilia. Mimi nilikuwa natazama wenzangu wakirushiana udongo badala ya kutazama nilipopiga. Bibi alinifunga kitambaa, akasonya, akasema mimi nililetwa duniani kumchosha yeye.

Kidonda kikagoma kupona. Kila asubuhi, kwa wiki nyingi, nilichechemea hadi zahanati ya misheni, ambako Sista Brigita alikiosha kwa dawa iliyowasha kama pilipili. Sista alitoka Ayalandi. Alikuwa mama mnene wa mashavu mekundu, na hakuvumilia kelele za watoto. Ili nisipige mayowe alinisomea vitabu. Alikuwa navyo vitatu, vimepangwa rafu moja na chupa za dawa: kimoja cha historia ya kwao, kimoja cha imani na hadithi za wakulima wa huko, na kimoja ambamo wazee wa vijijini walijisimulia maisha yao wenyewe. Alisoma kwanza kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili chake kilichokuwa kinachechemea kuliko mimi.

Kile cha historia sikukipenda. Kilikuwa na habari za viazi kuoza shambani na watu kufa njaa, na picha moja ya wanaume wakibomoa paa la nyumba huku mwenye nyumba, mwanamke mzee, amekaa nje juu ya sanduku lake. Nilimwambia Sista kwamba hata huku watu wanahamishwa. Alikifunga haraka, akasema leo tusome cha hadithi.

Humo ndimo nilimokutana na mti. Kwao, Sista alisema, kuna mti wa miiba unaoota peke yake katikati ya shamba, nao haukatwi. Ni mali ya watu wadogo wasioonekana. Anayeukata ng'ombe wake hufa, au yeye mwenyewe huamka mdomo umekwenda upande. Wajenzi wa barabara wakiukuta, huipindisha barabara.

"Ni kweli, Sista?"

Alikuwa anafunga bandeji. Hakuinua uso.

"Baba yangu, shamba yake iko na mti hiyo. Miaka yote analima kuzunguka. Mimi mtoto, nikipita pale, nakimbia."

Nilirudi nyumbani nikichechemea kwa furaha, kama kuna kitu cha namna hiyo. Maana na sisi tulikuwa na mti wetu. Ulikuwa mzambarau wa porini, mkubwa, umeinamia kisima cha kijiji, na pale paliitwa Kisimani. Bibi ndiye aliyepaangalia, kama mama yake kabla yake. Hairuhusiwi kuchovya chungu chenye masizi. Hairuhusiwi kuvunja hata kijiti cha mswaki. Ulezi mpya ukivunwa, Bibi hupeleka unga kidogo, akaunyunyiza shinani na kumsalimu mwenye mahali, ambaye ni joka, na ambaye mimi sikuwahi kumwona ingawa niliogopeshwa naye kila nilipokataa kulala mchana.

Nilimsimulia Bibi yote. Alisikiliza huku akichambua maharage, na nilipofika kwa baba yake Sista, aliacha kuchambua.

"Alilima kuuzunguka?"

"Ndiyo, Bibi. Miaka yote."

"Kumbe nao ni watu," akasema, akarudi kwenye maharage.

Sasa, hiyo ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na kijiji chetu kilichaguliwa kupokea watu wa vitongoji vya mbali. Aliletwa katibu kutoka Mbeya, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, aje kupima mistari ya nyumba. Tulimwita Ndugu Katibu. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angenisumbua akili kidogo kuliko yeye. Alikuja na kamba na vigingi, akavuta barabara ya kijiji kutoka barabara kuu hadi shuleni, imenyooka, na kamba ikapita katikati ya mzambarau.

Hatua kumi tu. Angesogeza kamba hatua kumi kulia, pale penye nyasi tupu, habari ingekwisha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliona. Lakini mtu akishapewa kamba hapendi tena kona, na watu wazima wakishaanza kubishana hakuna anayekumbuka kwamba kuna upande wa kulia. Ndugu Katibu alisema ni ushirikina. Bibi alisema mti ukikatwa maji yataondoka. Baba yangu, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi na alitaka kubaki balozi, alisema tusimwaibishe.

Mkutano ulifanyika mbele ya shule. Padre alikuwepo, na Sista Brigita kando yake, maana baada ya mkutano alikuwa apime watoto uzito. Bibi alisimama akiwa amefunga kitenge chake cha kanisani. Nilitegemea azungumze habari za joka. Wapi! Bibi alikuwa na akili kuliko wote.

"Ndugu Katibu, unasema haya ni mambo ya watu wasiosoma," alisema. "Mjukuu wangu amesomewa kitabu. Kwa kina Sista kuna mti kama huu, na barabara inapinda. Anastazia, simama uwaeleze."

Nikasimama. Mguu ulikuwa unaniuma, lakini nilieleza vizuri. Nakumbuka kabisa kwamba nilieleza vizuri. Nilitaja miiba, nikataja watu wadogo, nikataja ng'ombe. Watu walianza kucheka, si kwa ubaya, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Niliona Ndugu Katibu akiitazama kamba yake. Nadhani, na nitadhani hivyo mpaka niende kaburini, kwamba alikuwa anatafuta njia ya kukubali bila kuonekana amekubali.

Akamgeukia Sista. "Ni kweli, Sista? Kitabu kinasema hivyo?"

Sista alimtazama Padre. Padre alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hii hadithi tu ya watoto," Sista akasema. "Kwetu hakuna mtu anaamini."

Mimi sikuwa na adabu. Nilipaza sauti: "Na baba yako je, Sista? Aliyelima kuuzunguka?"

Mashavu yake yalikuwa mekundu siku zote, lakini siku ile shingo nayo ikawa nyekundu. Alisema, "Mtoto hakuelewa."

Baba alinishika bega kutoka nyuma, akanong'ona niache kumharibia kazi. Ndugu Katibu akaniuliza kwa upole kabisa, ule upole wa mtu anayekuonyesha mlango: "Basi, binti, ulikosea?"

"Ndiyo, Ndugu Katibu. Nilikosea."

Bibi alikaa chini.

Mti uliangushwa kwa siku mbili. Magogo yakachomea matofali ya ofisi ya kijiji. Barabara ikapita, imenyooka, ng'ombe wa kijiji kizima wakaifuata hadi kisimani na kukikanyaga watakavyo. Kiangazi cha kwanza maji yalikuwa tope. Cha pili hayakuwepo. Tukaanza kwenda mtoni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na kidonda changu kilichokuwa kimepona kikanikumbusha kila hatua.

Na maelezo, jamani, maelezo hayakukauka. Ndugu Katibu alisema ni ukame. Padre alisema tunajaribiwa. Mwalimu wetu alisema kivuli kimeondoka na ng'ombe wameziba macho ya chemchemi. Bibi alisema mwenye mahali amehama, na nani angebaki? Kila mtu alikuwa na sababu, na hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo. Ndoo tulishika sisi wasichana. Mpaka leo nikisikia mtu anaeleza kwa ufasaha kwa nini jambo limeharibika, mkono wangu unatafuta ndoo ya kumkabidhi.

Miaka michache baadaye Sista Brigita aliitwa arudi kwao. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, amebeba kile kitabu cha hadithi kimefungwa kwenye taulo. Alimwamkia Bibi kwa heshima, ingawa hawakupishana sana umri. Bibi aliniagiza maji ya kunywa. Nikamletea kikombe, nikasimama palepale makusudi, nikitaka aone miguu yangu ilivyojaa vumbi la mtoni.

Alikunywa nusu, akashusha kikombe.

"Mama, siku ile nilisema uongo. Niliogopa. Watasema Sista anafundisha ushirikina. Nisamehe."

"Maliza maji, mwanangu," Bibi akasema. "Yametoka mbali."

Ikawa basi. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka Bibi amkaripie, amwombe arudie maneno hayo mbele ya shule, afanye lolote. Yeye aliulizia tu safari, na kama kwao kuna baridi, na kama ule mti bado upo. Sista alisema upo. Bibi alifurahi kweli.

Kitabu ninacho. Nilipojua Kiingereza cha kutosha nilikisoma chote, na kila neno Sista aliligeuza sawasawa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikifungua ili nimkasirikie upya. Ni burudani nzuri, hasira ya namna hiyo, haikuombi chochote. Lakini nimezeeka, na siku hizi nikifika ukurasa wa ule mti simwoni tena Sista. Namwona Bibi akikaa chini. Hakukaa pale Sista aliposema mtoto hakuelewa. Alikaa niliposema nilikosea. Sista alitembea kwa miguu kuja kuomba msamaha. Mimi nililala nyumba moja na Bibi miaka tisa zaidi, nikamchotea maji, nikamzika, na sikumwomba hata siku moja.

Barabara sasa ni ya lami, na bado imenyooka. Pale palipokuwa na mti ni kituo cha basi, na kondakta bado huita "Kisimani!" Wageni wakishuka huangaza macho, huuliza kisima kiko wapi. Huwa nawajibu kwamba kilikauka zamani. Siwaambii kwamba palikuwa na mkutano, wala kwamba niliulizwa.