Chumvi kwenye Mchicha

Mchicha wa watu kumi na wawili niliuua mimi. Nasema mapema, kwa sababu mtaani kwetu ukichelewa kusema habari yako, wenzako wanakusemea na kuitia pilipili. Niliuua kwa nia njema na kwa kiburi, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Nakaanga samaki soko la Feri, hapa Dar es Salaam. Nimezaliwa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na uani mpana, na huko uani tulikuwa na mlimao, banda la kuku na karai bovu lililoota mboga. Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka ya vitenge na simu, na mimi nimepanga chumba kimoja Gerezani. Vyumba sikuvililia. Niliulilia uani. Mwanamke wa kwetu asiye na uani anapika kwenye korido, anafua kwenye korido, na akiwa na jambo lake moyoni analisema kwenye korido, kila mpangaji anasikia.

Ndiyo maana tulipokiona kile kipande cha ardhi nyuma ya gereji, wanawake wa vyumba vya karibu tulikivamia. Kilikuwa jalala. Urefu wake ungetosha mabehewa matatu ya treni, upana wake kama barabara ya mtaa, na juu yake kulikuwa na matairi, vioo vilivyopasuka, na viatu visivyo na wenzao. Tulisafisha kwa mikono, miezi mingi, huku wapita njia wakituuliza tunatafuta dhahabu gani. Tukapata matuta kumi na mawili, kila mmoja lake. Matairi tuliyajaza udongo tukapanda nyanya chungu na pilipili. Mchicha, matembele na bamia vikakaa chini.

Tuta langu ni la mwisho, upande wa gereji, na linalopakana nalo ni la mama mmoja wa Kichaga mwenye duka la vitenge Kariakoo. Huyu alilizungushia tuta lake mimea ya majani marefu, ya kijani, ambayo kwao inaitwa masale na hupandwa mipakani mwa mashamba.

"Dada, tuta la hatua nne unaliwekea mpaka?" nilikuwa namtania. "Unaogopa nitakuibia mchicha?"

"Nyie watu wa pwani mnamwaga mbegu mnasema mmelima," alikuwa ananijibu. "Acha sisi tulime."

Maji tulichota gereji. Fundi mwenye gereji ni mzee wa Kichaga pia, mtu wa maneno machache na ovaroli iliyosahau rangi yake. Bomba lake ndilo la pekee karibu, naye alituruhusu ndoo moja moja kila jioni baada ya alasiri. Ndoo moja kwa jua la Dar ni kumpangusa mtu uso tu, haimkati kiu. Basi tukafanya kama wanawake wote wa Kariakoo wanavyofanya wakiwa na kidogo kidogo: tukacheza mchezo, wote wanamchangia mmoja kwa zamu. Mchezo wetu ulikuwa wa maji. Asubuhi kila mtu alimwagilia kwake makopo mawili matatu aliyotoka nayo nyumbani, lakini jioni ndoo zote kumi na mbili zilikwenda kwenye tuta moja, la mwenye zamu, likalowa mpaka chini. Kesho yake zilikwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeruka zamu, hata siku za misiba.

Fundi huyohuyo aliyetupa maji ndiye aliyeandika barua ofisi ya mtaa kuomba kile kiwanja. Magari ya wateja wake yalikuwa yanasimama barabarani na kumletea kesi kila siku. Yeye hakuona shida yoyote hapo. Maji alitoa kwa sababu sisi ni majirani, na kiwanja alikiomba kwa sababu ana kazi. Mtendaji wa mtaa, mama mmoja mkavu asiyependa hadithi, alikuja akatutazama, akatazama magari, akasema atarudi baada ya wiki tano.

"Nikikuta mboga, hii ni bustani," alisema. "Nikikuta udongo mtupu, magari yanaingia. Msinipigie simu katikati."

Wakati huo mchicha wetu ulikuwa umechipua tu, mwembamba, wa kutia huruma. Wenzangu waliingiwa na hofu. Mimi niliingiwa na ujuzi. Bibi yangu, ng'ambo ya Magogoni, alikuwa na minazi ambayo watu walikuja kuitazama, na nilimwona kwa macho yangu akichimbia vichwa vya samaki na kumwaga chumvi shinani. Mnazi ulipokea na kushukuru. Nami Feri kila siku namwaga matumbo ya samaki na maji ya kuoshea, na pale tunaosha kwa maji ya bahari. Nikasema hii mbolea naitupa kwa ujinga gani? Nikakusanya siku nne kwenye pipa, nikabeba ndoo kichwani kutoka Feri hadi Gerezani, safari juu ya safari. Watu walinipisha njia kama mheshimiwa, kwa ajili ya harufu. Nikaja alfajiri, peke yangu, nikamimina kwenye matuta yote kumi na mawili, nikafukia kwa udongo, harufu ikamezwa na petroli ya gereji. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka wiki ya pili waseme, loo, huu mchicha umekula nini?

Siku ya tatu majani yaligeuka njano. Siku ya nne kingo zilikauka zikawa kama karatasi iliyoshikwa na moto. Jioni tulisimama kwenye matuta na ndoo zetu, hakuna aliyejua amwage au arudi nazo.

"Oili hii," mmoja wetu akasema. "Fundi kamwaga oili chafu. Si anataka kiwanja?"

Kelele ya kwanza haikuwa yangu. Ya pili ilikuwa yangu. Tulikwenda gereji watu kumi na wawili, tukasimama mlangoni, na mimi nilisema mbele ya vijana wake wote kwamba mtu mzima na mvi zake hapaswi kushindana na mchicha wa wanawake. Mzee alikuwa chini ya gari. Alitoka taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akatutazama mmoja mmoja. Alitembea hadi kwenye bomba, akalifunga kwa kufuli, akarudi chini ya gari lake.

Nilirudi bustanini nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikachota udongo wa tuta langu nipeleke ofisi ya mtaa kama ushahidi. Niliunusa. Haukunuka oili. Ulinuka Feri. Nikatia kidogo ulimini. Ilikuwa chumvi, chumvi tupu, ile ile ninayoijua tangu utotoni. Mchicha si mnazi. Jambo jepesi kiasi hicho mtoto wa chekechea angelijua, na mimi mtoto wa pwani sikulijua.

Nilikaa na siri hiyo siku nzima iliyofuata. Sitajipamba. Nilikaanga samaki, nikawaunguza, nikawaza kwamba hakuna aliyeniona alfajiri ile na mzee hatakufa kwa kusingiziwa. Lakini mficha uchi hazai, na bustani ile ilikuwa haijazaa. Jioni niliwaita wenzangu, nikawaambia yote, pipa, ndoo, bibi, minazi. Nililia kwa aibu. Kuna aliyenitukana, na tusi lile nililistahili. Kuna aliyecheka mpaka akakaa chini. Mama wa vitenge hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliinama kwenye mpaka wake, akakata jani moja la sale, akalifunga fundo, akanipa.

"Nenda nalo kwa mzee," alisema. "Mpe kwa mikono miwili. Kwetu anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, kosa linahamia kwake."

"Na kama hataki hata kuniona?"

"Ataliona jani kwanza. Nenda, shoga, mchicha haukusubiri ujitayarishe."

Nilikwenda. Vijana wa gereji waliacha nyundo hewani. Nikasema, "Shikamoo, mzee," naye akaendelea kukaza nati yake. Nikapiga magoti pale kwenye simenti yenye grisi, nikanyoosha jani. Nikasema ni mimi, ni maji ya samaki, na nimekuchafulia jina mbele ya watu wako, kwa hiyo nakusafisha mbele yao hao hao.

Aligeuka, akalitazama lile jani.

"Nani amekufundisha hili?"

"Shida imenifundisha, baba."

"Marahaba," akasema, akijibu salamu yangu ya mwanzo. Alilipokea kwa mikono yote miwili, akalitundika kwenye msumari anaoning'inizia funguo za magari. Kisha akanipa ufunguo wa kufuli la bomba. "Chukueni maji mnayotaka. Lakini sikia, mama. Barua yangu siiondoi. Msamaha ni msamaha, gereji ni gereji."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Hakunidanganya kwamba jani moja limemaliza haja yake ya kiwanja. Zilikuwa zimebaki wiki nne zisizotimia, na mchicha unataka wiki tatu mpaka nne tangu mbegu hadi kisu. Hapakuwa na siku ya kupoteza kwa kujuta.

Tukageuza mchezo. Chumvi haiondoki kwa kupiga kelele, inaondoka kwa maji, yashuke nayo chini. Tuling'oa mchicha uliokufa, tukachimba mfereji pembeni, tukaanza kuosha tuta moja baada ya jingine, ndoo juu ya ndoo. Mimi nilipewa kazi ya kuonja. Kila tuta likishakunywa, likatulia, nilichota udongo nikautia ulimini. Nikisema bado, wanarudia. Nikisema basi, mbegu zinaingia, zimechanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane. Wenzangu walinipachika jina la Ulimi. Nililibeba. Nilitoka Feri nikinuka mafuta ya samaki, nikabeba maji mpaka shingo ikakataa kugeuka, na nikila wali usiku nilihisi mchanga kwenye meno.

Tuta langu nililiweka la mwisho. Hakuna aliyenilazimisha. Mama wa vitenge alisema langu litangulie, la kwake lingoje, nikamkatalia, tukagombana vizuri tu kama ndugu. Ilipofika zamu yangu, matuta mengine tayari yalikuwa na kijani.

Mtendaji alikuja siku aliyoahidi, fundi yuko nyuma yake na ovaroli safi. Matuta kumi na moja yalikuwa yamejaa, mengine ya kukatwa siku hiyo hiyo, mengine ya kungoja kidogo, ila hakuna aliyeweza kuyaita udongo mtupu. Mtendaji alipita katikati, akashika jani hapa na pale, akaandika. Mwishoni akasimama kwenye la kwangu. Lilikuwa na vichipukizi vya siku chache, vidogo hata inzi angeweza kuvilalia.

"Hili ni tupu," alisema.

"Limeota," nikasema. "Inama uone."

"Mama, nilisema mboga. Hapa gari moja linatosha kusimama." Akamgeukia fundi. "Mzee, haya kumi na moja yanabaki bustani. Hili la mwisho, la upande wa gereji, nakupa wewe. Pata chako, na wao wapate chao."

Wenzangu walinitazama. Kumi na moja yameokoka, na nilijua kwa haki ningepaswa kushukuru. Nililitaka tuta langu. Hatua nne za udongo, uani wangu wote uliobaki duniani, na nilikuwa nimeliosha kwa shingo yangu. Lakini kosa lilikuwa langu, na kama kuna wa kulilipia, basi ni mimi. Nikarudi nyuma hatua moja, nikampisha mzee.

Mzee alilizunguka tuta lile, akipima kwa macho kama fundi anavyopima. Kisha akachuchumaa, magoti yakamlia. Akachota udongo kidogo kwa vidole vyake vyeusi vya grisi, akautia mdomoni. Akautafuna. Akautema pembeni.

"Lina chumvi bado," alimwambia mtendaji. "Gari litapata kutu. Sitaki."

Mtendaji alimtazama, akatutazama, akaandika kitu, akaenda zake. Mzee akajifuta mikono, akarudi gereji bila kuniangalia.

Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Asubuhi ile, kabla mtu yeyote hajafika, nilikuwa nimeuonja udongo ule mwenyewe, mara tatu. Haukuwa na chumvi hata punje.