Siku Mjomba Alipokwama Asilimia Sitini na Mbili

Niseme ukweli mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu anayeolewa, nikiwa nimevaa suti ya kuazima na tai ya baba, mimi mwenyewe kwa vidole vyangu kumi niliamua kubadilisha mfumo mzima wa kompyuta ya mama, saa moja kabla kompyuta hiyo hiyo haijatakiwa mbele ya ukumbi uliojaa wakwe. Hakuna aliyenituma. Shetani asisingiziwe, siku hiyo alikuwa zake mapumzikoni.

Sasa mnielewe. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro mjini, na kompyuta yake ilikuwa nzito kama punda aliyegoma, kwa hiyo miezi miwili nyuma nikamwekea Linux, mfumo wa bure usioichosha mashine, tena siyo Linux ya watu wenye akili zao, nikaweka toleo la majaribio, lile ambalo wenyewe waliolitengeneza wanakuandikia kabisa kwamba usiliweke kwenye kompyuta unayoitegemea. Nilipofika hapo nikajiambia, mimi siitegemei, ni ya mama. Nikabonyeza endelea. Ikawa inaenda vizuri tu, isipokuwa sauti ilikuwa inapotea ikijisikia, na kila ukiiwasha inakukumbusha kwamba hili ni la majaribio, la majaribio, kama mtu anayekwambia kila asubuhi kwamba ndoa yake haijabarikiwa.

Basi Alhamisi, darasani, rafiki yangu Shabani akaninong'oneza, "Deo, limetoka."

"Nini?"

"Toleo kamili. Kaka yangu kalipakua chuoni jana. Lina sura mpya, linawaka kinoma."

Jamani, mimi somo la jiografia sikulisikia tena. Nilipandwa na mzuka ambao hata timu yangu ikishinda siupati. Shida ilikuwa bando. Nilikuwa sijaapdeti tangu nilipoiweka (nabana bando la mama, mtoto mwema), kwa hiyo faili za kushusha zilikuwa gigabaiti mbili na ushee, na mimi kwenye simu nilikuwa na MB arobaini, za kuchati tu na kuombea mtihani.

Hapo sasa ndipo anapoingia mjomba. Sisi upande wa mama ni Waluguru wa Matombo, na kwetu binti haondoki mpaka mjomba aseme. Baba anaweza kusema, atapigiwa makofi, atakaa chini, lakini neno lenyewe ni la mjomba. Na Mjomba Polikarpo, kaka yake mama, wiki mbili kabla ya sendofu aliteleza shambani kwenye migomba akavunjika mguu, akafungwa hogo, lile plasta gumu, mpaka juu ya goti. Kwa barabara ile ya Matombo, daktari akasema asisafirishwe. Kupiga simu nako nyumbani kwake haishiki, mpaka upande kilimani, na kwa mguu ule nani apande. Ndiyo mama na mimi tukaenda Jumapili tukamrekodi video, amekaa kwenye kiti, kavaa koti la kanisani, anasoma karatasi aliyoandikiwa na katibu wa kamati ya sendofu. Video nikaihamishia kwenye kompyuta. Kwenye simu nikaifuta, maana simu ilikuwa imejaa (ilikuwa imejaa michezo, lakini hilo mama hakuuliza).

Jumamosi tukafika ukumbini mapema, mimi ndiye fundi wa projekta, nimekaa kwenye kimeza changu pembeni nina raha zangu. Nikaona ukutani karatasi: waifai ya bure kwa wateja. Nikamfuata dada wa kaunta, nikamsalimia kwa adabu ambayo mama hajawahi kuiona nyumbani, akanipa paswedi. Nikarudi, nikatazama ratiba: chakula kwanza, kisha keki, kisha zawadi, ndipo mjomba. Kwa sendofu ninazozijua mimi, keki peke yake ni nusu saa, maana lazima walishane mpaka wajukuu wa jirani. Nikapiga hesabu nikaona nina saa nzima na chenji. Wazia raha yake: mjomba anatokea kwenye kitambaa cheupe akiwa ndani ya toleo kamili, sauti haipotei, watu wanauliza nani fundi hapa.

Nikabonyeza.

Waifai ile ilikuwa na mbio nisiwafiche. Faili zikashuka kama mvua ya Uluguru, zikaanza kujiweka, asilimia kumi, ishirini, arobaini, nami natikisa mguu chini ya meza kwa furaha. Kwenye hamsini nikamsikia MC kwenye kipaza sauti:

"Ndugu zangu, baba mkwe ana safari, anaomba tusichelewe. Kwa hiyo chakula kitasubiri kidogo, tuanze na lile neno lenyewe. Tumsikie mjomba. Fundi, tuwekee."

Mimi nikamfanyia ishara ya mikono, subiri. Yeye akaelewa nasema tayari. Akaichukua rimoti ya projekta akaiwasha mwenyewe.

Kwenye kitambaa chote, upana wa ukuta, ikatokea skrini nyeusi na maandishi meupe yanapanda mstari kwa mstari, mbio, majina ya faili tu, hayaishi. Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Halafu nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Haya ndiyo majina ya waliochanga."

Hilo lilisambaa haraka kuliko moto wa kiangazi. Watu wakaanza kukaza macho. Mzee mmoja akavaa miwani kabisa, akasogea mbele, akasema, "Mbona mimi simo, na nilitoa mapema?" Mwingine akasoma kwa sauti, "Libi... libipaitoni... huyu ni wa ukoo gani?" Na upande wa wakwe wakaanza kupiga makofi taratibu, kwa heshima, kuwashukuru wachangiaji.

MC akaja na kipaza sauti akakiweka mdomoni kwangu. "Fundi, waeleze wageni."

Ningesema ukweli hapo ingeisha. Mimi nikasema, "Mjomba anapakia. Yuko asilimia sitini na mbili."

Watu wakacheka, na mimi, kwa upumbavu ule wa mtu aliyechekewa mara moja, nikaongeza, "Anatoka Matombo, barabara mnaijua." Wakacheka zaidi. Mama hakucheka. Mama alikuwa meza ya mbele, ameshika mkono wa dada yangu Resti, bibi harusi mwenyewe, ananitazama kwa jicho la ubaoni, lile la kabla ya kutupa chaki.

Jicho lile ndilo lililoniponza. Nikataharuki, nikabonyeza kitufe cha kuzimia nikakishikilia mpaka kompyuta ikanyamaza (wanaojua kwamba kompyuta haizimwi katikati ya kujiweka upya hapo wameshashika vichwa). Nikaiwasha. Ikaja skrini nyeusi yenye kistari kimoja kinapepesa juu kushotoni. Kinapepesa tu. Nikangoja. Kikapepesa.

Mama akaja mezani kwangu. Aliinama kama anayenirekebisha tai.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Yumo, mama. Yumo humu ndani, ila hawezi kutoka."

Bibi, mama yake mama, akasikia. Bibi hahitaji kipaza sauti. "Mjomba asiposema, mtoto hatoki," akasema, akaweka fimbo yake magotini kama mtu aliyefunga geti. Dada Resti akaanza kulia, na ule wanja wa bei mbaya ukaanza safari ya kuteremka. Baba mkwe akatazama saa, akamtazama bibi, akaona bora saa.

Mama ndiye aliyeokoa. Alitoka nje akampigia katekista anayekaa jirani na misheni, ambako simu zinashika, akamwomba atume bodaboda ikamchukue mjomba nyumbani impandishe mpaka kwenye mtandao, hogo na yote. MC akatangaza chakula. Wote wakala, mimi nikabaki na kistari changu, Shabani yuko kwenye simu ananielekeza niingie njia ya uokoaji, niandike amri hii, niandike ile, jasho linanitoka, suti ya watu inalowa. Na katikati ya aibu yote ile, mtanisamehe, nilikuwa nafurahia. Mistari ilipoanza kupanda tena nilitaka kuita mtu aje aone. Hakukuwa na mtu wa kuita.

Simu ya mama ikaita. MC akaiweka sauti ya juu, akaibana kwenye kipaza sauti.

"Agnesi," ikasema sauti ya mjomba, ukumbi mzima, na pikipiki inanguruma nyuma yake, "huyo mtoto wako kafanya nini tena? Wamenipakia kama mkungu wa ndizi huku. Mimi si nilikwambia vitu vya umeme asipewe?"

"Mjomba, shikamoo," akasema MC, "ukumbi wote unakusikia."

"Wote?"

"Wote, mjomba."

"Na wakwe?"

"Wapo hapa mbele."

Akakohoa. Akasema hamjambo wakwe, wakaitikia. Halafu akaanza ile hotuba ya kwenye karatasi, binti yetu ukavumilie, ndoa ni uvumilivu, akafika hapo akakwama, maana karatasi aliiacha nyumbani.

"Resti," akasema, "yale ya kuvumilia niliandikiwa. Mimi nakwambia hivi. Ukipendwa, kaa. Ukipigwa, rudi. Usiogope watu watasema nini, mimi ndiye mjomba, nitasema mimi. Huku kuna nyumba na kuna ndizi. Nimekuruhusu, nenda."

Hakuna aliyepiga makofi. Baba mkwe akasimama, akavua kofia, akaisogelea ile simu kana kwamba mjomba yumo ndani anamwona. "Mjomba, tumesikia. Hatapigwa."

Bibi akaondoa fimbo magotini.

Na hapo hapo, nyuma yao, kitambaa kizima kikawaka bluu na zambarau, toleo kamili limefunguka lenyewe, na mimi mkono wangu ukaruka juu kabla sijaushauri: "Imekubali." Watu mia mbili wakageuka kunitazama. MC akauliza kwa upole kama sasa tuweke ile video. Bibi akasema ya nini, kashasema.

Baadaye Shabani akanieleza kwamba ningekuwa naapdeti kidogo kidogo kila wiki, lile la majaribio lingegeuka kamili lenyewe bila kelele. Nimeapa sitagusa mfumo wa kompyuta yoyote iliyo karibu na keki.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya milima. Mama akakaa barazani, akavua viatu, akasugua miguu muda mrefu, ndipo akasema, na naandika kama alivyosema:

"Mimi siku yangu niliambiwa nivumilie, basi. Leo nimemsikia kaka yangu anasema mengine, na nimeyasikia kwa sababu ya ujinga wako. Sasa usije ukajidanganya kwamba nimekushukuru. Masufuria yapo nyuma, yanakungoja uyaoshe."