Pima Maji ya Makokha

Siku Patrobas alipokuja kubisha kwa jirani yangu Makokha, hapa Maringo, nilitamani Makokha awe na mbwa. Hakuwa na mbwa. Alikuwa na mke, Khavere, ambaye alimwacha mgeni asimame juani huku yeye akianika nguo moja moja.

"Yaliyopita si ndwele, mama," Patrobas alisema. "Tugange yajayo."

"Ndwele ni wewe," Khavere akamjibu.

Patrobas alikuwa nyapara wa Makokha katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo, mwaka wa sabini na nne. Kazi ya Makokha ilikuwa kusimamisha mashine zikae sawa, na alikuwa na pima maji yake mwenyewe, ya chuma kizito, yenye kichupa na kiputo cha hewa kinachotulia katikati pale mahali panapokuwa sawa kabisa. Siku hiyo alisawazisha mguu wa kwanza wa mashine mpya ya kukereza vyuma, akaenda kula. Patrobas akaichukua ile pima maji bila ruhusa, ikamponyoka ikaanguka sakafuni, akairudisha kisandukuni kimya. Makokha aliporudi alisawazisha mguu wa pili bila kuijaribu upya, kwa kuwa asubuhi alikuwa ameijaribu. Mashine ikajipinda. Vyuma vikatoka vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Makokha akafukuzwa, na Patrobas akatoa ushahidi dhidi yake, kisha akabaki na pima maji. Kwamba iliangushwa, Makokha alikuja kuambiwa baadaye na mmoja aliyeona.

Kazi ilikwenda, nyumba ya kiwanda ikaenda, lakini kilichomuuma zaidi ni jina. Walimwita Pogo, mtu wa kwenda upande. Jina hilo lilimfuata mpaka Maringo bila kulipa nauli, hata watoto wa bombani wakalijua. Makokha alikuwa akirekebisha stovu na mizani pale Kariokor, na kila mteja alipouliza, "Pogo yuko?" nilimwona akikaza taya. Alitaka jina lake lirudi, na alitaka Patrobas ndiye alirudishe.

Sasa Patrobas alikuwa na karakana yake Baba Dogo. Mfanyabiashara aitwaye Wehliye alitaka kununua mashine yake ya kukereza, ila alitaka kwanza kuiona ikipimwa. Alikuja na pima maji ileile; sasa kichupa chake kilikuwa kimepasuka, na fundi wa kukitengeneza hakumpata kwingine.

"Niachie," Makokha alisema. "Nitaileta mwenyewe saa ya chakula."

Patrobas alipoondoka, Khavere akamwambia, "Baba Nabiswa, hiyo skrubu ya kurekebisha kichupa ilegeze kidogo tu. Imuaibishe."

"Akiigeuza ncha kwa ncha kiputo kitahama, ataujua uongo," Makokha alijibu. "Mimi nitampa kitu ambacho hata akigeuza hakitamwokoa."

Sijawahi kuona chuki ikifanya kazi safi namna ile. Alibomoa plasta ya zamani iliyoshika kichupa na kutia kichupa kizima alichokipata kwa waokotaji taka wa Dandora. Alipaka rangi ya bluu kwenye kioo kinene, akaisugua pima maji juu yake, na kila mahali palipoinuka na kushika rangi alipakwangua. Kisha akaiweka mezani, akasoma kiputo, akaigeuza, akasoma tena. Nusu ya tofauti aliitoa kwa skrubu, kwani nusu nyingine ilikuwa kosa la meza. Alirudia mpaka kiputo kikakataa kubadilika.

Nilimsindikiza. Nisingekosa hata kwa harusi ya dada yangu.

Wafanyakazi wa kile kiwanda cha zamani walikuwa wakila mbele ya karakana, na Wehliye alikuwa akisubiri kando ya mashine. Makokha aliweka pima maji upande mmoja wa mashine, kiputo kikakimbilia ukutani. Akaiweka upande wa pili, kikakimbilia mlangoni. Mashine ilikuwa imejipinda kama nguo inayokamuliwa.

"Ameiharibu pima maji!" Patrobas akapiga kelele. "Huyu si ni Pogo!"

Makokha akaigeuza pima maji. Kiputo kikaenda kulekule mlangoni.

"Ikiwa mbovu ingebadilisha maneno," alimwambia Wehliye. "Mashine hii Patrobas aliisimamisha kwa pima maji aliyoiangusha mwenyewe."

Wehliye akavaa kofia yake, akaondoka.

"Ninyooshee basi," Patrobas alimwomba. "Nimeshaahidi watu pesa za mashine hii, nitaumia."

"Waambie hawa nani aliiangusha."

"Ni mimi," akasema chinichini.

"Sijasikia."

"Ni mimi niliiangusha! Makokha hakukosea!"

Wafanyakazi wakaacha kutafuna. Makokha akarudisha pima maji kisandukuni, akakitia kwapani.

"Sasa unaenda wapi?"

"Nyumbani. Nilitaka kusikia. Sikusema nitanyoosha."

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka Maringo. Makokha alitembea kifua mbele, kisanduku kwapani, na pale bombani mtoto mmoja akaita, "Pogo! Mama Nabiswa anakutafuta!"

"Naja," Makokha akaitika kwa mazoea, kisha akasimama palepale. Sikucheka tena.